Pimeni Vibaba, Msihesabu Shilingi Peke Yake

Hotuba ya Katibu Mwenezi wa Tawi mbele ya wanachama waliokusanyika kuzungumza habari za maduka, bei, na biashara ya nchi jirani



Nimeombwa niseme habari za biashara ya rejareja katika nchi zetu hizi za jirani. Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya matajiri na wasomi peke yao. Rejareja ni biashara ya kila mmoja wetu. Mama anayenunua nusu kilo ya sukari, mkulima anayetaka kipande cha sabuni, kijana anayeuza ndala barabarani, wote wamo ndani yake. Ukitaka kujua kama nchi inashiba au inafunga mkanda, tazama kinachotoka dukani na kuingia nyumbani.

Maneno mawili yanasemwa sana hapa kwetu siku hizi. La kwanza ni hili: "Mauzo yamepanda, basi hali ni nzuri." La pili ni hili: "Majirani wa ng'ambo wanatumalizia vyakula, afadhali mpaka ufungwe."

Maneno haya si ya mchezo. Kwa sababu ya lile la kwanza, wanachama wa duka letu la ushirika wataulizwa hivi karibuni kama faida igawanywe, au ibaki dukani kununulia bidhaa. Kwa sababu ya lile la pili, wako watu walioanza kuwatazama kwa jicho baya wachuuzi wanaovuka Holili kwenda soko la Taveta, hali wachuuzi hao ni mama zetu na dada zetu. Basi leo nataka tuyapime maneno yote mawili. Mimi ni mwalimu kwa mafunzo yangu, na chuoni tulifundishwa kwamba hesabu isiyofanywa ubaoni haifai kuaminiwa. Kwa hiyo mtanivumilia nikitaja tarakimu.

KIVULI NA MTI

Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kuwa pishi moja. Kibaba cha mwaka jana na kibaba cha mwaka huu ni kimoja. Shilingi haiko hivyo. Shilingi ya mwaka jana ilinunua kitu fulani. Shilingi ya mwaka huu, bei ikipanda, hununua pungufu. Fedha ni kivuli, na bidhaa ndiyo mti. Jioni kivuli hurefuka, wala mti haukuongezeka hata kidogo.

Haya, tufanye hesabu. Tuseme duka moja mwezi wa Machi mwaka jana liliuza vitu vya shilingi 1,000,000. Machi mwaka huu limeuza vitu vya shilingi 1,060,000. Mwenye duka atasema, "Nimezidisha shilingi 60,000." Kwa fedha, amesema kweli. Lakini ikiwa bei za vitu vile vile zimepanda 10 kwa kila 100, basi kuuza mzigo ule ule wa mwaka jana kulitaka shilingi 1,100,000. Gawanyeni 1,060,000 kwa 1,100,000. Mtapata kama 96 kwa 100. Maana yake ni kwamba mahali palipotoka vibaba 100, sasa vimetoka 96. Fedha imepanda kwa 6, na bidhaa imepungua karibu 4. Nyumba zinazonunua katika duka lile zimelipa zaidi na zimepeleka nyumbani kidogo.

Hayo ndiyo wataalamu wanayoyaita kiasi cha mauzo, mbali na thamani ya mauzo. Thamani ni fedha iliyoingia katika sanduku la duka. Kiasi ni bidhaa iliyotoka mlangoni. Mtu akikwambia mauzo yamepanda, muulize upesi: shilingi, au vibaba?

Atakayeona jambo hili ni dogo na akumbuke habari ya Uganda. Mwezi wa Mei 1987 Serikali ya Uganda ilibadili fedha yake, shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Duka lililokuwa likiuza bidhaa za shilingi 500,000 za zamani, lingeandika shilingi 5,000 tu za fedha mpya kwa bidhaa zile zile. Mtu asomaye daftari la shilingi peke yake angelia kwamba biashara imekufa. Naye aliyesoma daftari la miaka ya nyuma, bei zilipokuwa zikiruka mbio, angeshangilia kwamba biashara imestawi sana. Wote wawili wangekosa, kwa kuwa walikitazama kivuli.

MAJIRANI WANNE KATIKA MWAKA MMOJA

Sasa tuzitazame nchi nne za jirani katika mwaka mmoja, 2022. Mwaka ule vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, mbolea, mafuta ya kupikia na mafuta ya magari ulimwenguni kote, na mvua zilikosekana katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Oktoba 2022 bei katika Kenya zilikuwa zimepanda asilimia 9.6 kuliko mwaka uliotangulia. Uganda zilikuwa zimepanda asilimia 10.7. Tanzania zilipanda karibu asilimia 5. Katika miji ya Rwanda, mwezi wa Novemba, zilikuwa zimepanda asilimia 21.7.

Tuchukue maduka manne ya kubuni, moja katika kila nchi. Tuseme kila duka limeongeza fedha ya mauzo kwa 10 katika kila 100. Wenye maduka wote wanne wataandika neno moja: tumepanda kwa asilimia 10. Lakini tukigawanya kwa bei, mambo hayawi sawa hata kidogo. Duka la Tanzania limetoa kama vibaba 105 mahali pa 100, basi hilo limekua kweli. Duka la Kenya limetoa 100 na chembe, yaani limesimama pale pale. Duka la Uganda limetoa 99 na kitu, limerudi nyuma kidogo. Duka la Kigali limetoa 90, yaani katika kila vibaba 10 kimoja kimepotea. Fedha zimesema neno moja, bidhaa zimesema maneno manne.

Nawaonya jambo moja. Hesabu ya bei inayotangazwa na serikali huchanganya pia kodi ya nyumba, nauli na mengineyo yasiyouzwa dukani. Kwa duka letu wenyewe yafaa tutumie bei za vitu vyetu wenyewe: unga, sukari, mafuta, sabuni, chumvi. Lakini njia ni ile ile.

JINSI WENGINE WANAVYOHESABU

Katika Umoja wa Ulaya, wenye nchi 27, ofisi yao ya takwimu iitwayo Eurostat hukusanya kila mwezi hesabu za rejareja kutoka nchi zote, na kuzitangaza kwa kiasi cha bidhaa, baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Afrika Kusini nayo hutangaza kila mwezi mauzo ya rejareja kwa bei zisizobadilika. Kwa hiyo mtu anaweza kuona nchi ipi inanunua zaidi na ipi imeanza kujinyima, hata kama fedha zao na bei zao ni mbali mbali.

Na mambo gani yaliyoonekana? Oktoba 2022 bei katika nchi zinazotumia yuro zilikuwa zimepanda asilimia 10.6. Hungaria, nchi isiyotumia yuro lakini imo katika umoja ule, ilifika asilimia 25.7 Januari 2023. Uingereza, iliyokwisha toka katika umoja huo mwaka 2020, ilifika asilimia 11.1 Oktoba 2022. Mwaka 2023 maduka ya Uingereza yalipokea fedha nyingi kuliko mwaka 2022, lakini bidhaa zilizotoka zilipungua karibu asilimia 3. Hao ni watu tuliozoea kuambiwa kwamba ni matajiri. Walilipa zaidi wakachukua kidogo, na hesabu yao ya kiasi ndiyo iliyosema kweli. Kwa hiyo kujinyima kwa sababu ya bei si aibu ya Mwafrika peke yake. Lakini kujinyima bila kujua, na kisha kushangilia kwamba mauzo yamepanda, hilo ni jambo la kujilaumu.

Wenzetu hao hujihadhari na mitego mitatu, nasi inatupasa kuijua. Mtego wa kwanza ni sikukuu. Ukilinganisha mwezi wa Krismasi na mwezi wa Februari, au mwezi wa Idi na mwezi usio na Idi, utadanganyika. Linganisha mwezi na mwezi wenzake wa mwaka jana, na ukumbuke kwamba Idi huhama kila mwaka.

Mtego wa pili ni mwezi wa msiba. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Rwanda ilifunga shughuli nyingi tangu tarehe 21 Machi. Uganda ilifunga maduka yasiyouza chakula mwishoni mwa mwezi ule ule. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi. Tanzania haikufunga maduka. Sasa mtu akilinganisha Aprili 2021 na Aprili 2020, duka la nguo la Kampala litaonekana limeruka mbinguni, na duka la nguo la Mwanza litaonekana limelala. Si kweli. La Kampala lilikuwa shimoni, likapanda hadi usawa wa nchi. Aliyetoka shimoni asisifiwe kwamba amepanda mlima.

Mtego wa tatu ni pakiti. Bei ya pakiti hubaki ile ile, lakini gramu zilizomo hupunguzwa. Au mtu aliyezoea kununua kilo huja kununua robo, na mwenye kununua chupa ya mafuta huja na kikombe apimiwe. Ukihesabu pakiti na wateja utasema biashara imezidi, maana wateja ni wengi na kila mara mlango unagongwa. Kumbe nyumba zinanunua kidogo kidogo kwa sababu fedha haitoshi. Hesabuni gramu, msihesabu pakiti.

Sisi hapa tuna mfano wetu wa karibu. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika Tanzania, kwa sababu mvua nyingi zilizuia uvunaji wa miwa. Bei ikaruka. Januari 2024 Bodi ya Sukari ikatangaza bei za rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo, kwa kadiri ya mkoa. Katika miezi kama ile duka linaweza kuandika fedha nyingi ya sukari kuliko zamani, na huku kilo zilizotoka ni chache. Nani atathubutu kusema kwamba watu walikula sukari zaidi?

BEI NDOGO YA DUKA TUPU

Ndugu zangu, mtu anaweza kusema: basi dawa ni kuweka bei ndogo kwa amri. Nchi zetu zimekwisha jaribu, na yatupasa kusema ukweli kuhusu historia yetu wenyewe.

Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda katika muda wa siku 90. Maduka yakagawiwa watu wengine, wengi wao wasiojua mahali bidhaa zinakoagizwa wala jinsi ya kuweka daftari. Bidhaa zilizokuwamo zikauzwa zikaisha, zisirudishwe nyingine. Baadaye sukari, chumvi na sabuni zikawa vitu vya kutafutwa kwa magendo. Maduka yalikuwa na wenyewe wapya, lakini vibaba havikuwamo.

Nasi Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, serikali ilishika biashara ya jumla kwa Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye kwa makampuni ya biashara ya mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ujamaa yachukue nafasi yake. Nia ilikuwa kumwondolea mnyonge mlanguzi. Lakini maduka mapya hayakuwa tayari, na katika mwaka ule ule serikali ikalegeza amri hiyo. Kisha ikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na mafuta yakawa ghali ulimwenguni. Wazee waliopo hapa wanakumbuka foleni za sabuni. Bei ya serikali ilikuwa ndogo ukutani, lakini rafu ilikuwa tupu. Mwaka 1983 wahujumu uchumi wakasakwa, na bidhaa hazikuongezeka kwa kusakwa. Tangu bajeti ya 1984 watu wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa, ingawa kwa bei ambazo wengi hawakuziweza.

Siyasemi haya ili kumlaumu mtu aliyetutangulia. Nayasema kwa kuwa yanatufundisha kwamba bei ya chini bila bidhaa ni karatasi tu. Kilo sifuri kwa bei nafuu ni sifuri. Na duka lililojaa ambalo mnyonge hawezi kununua, nalo halijamfaa. Kipimo cha kweli ni kimoja: bidhaa zilizofika nyumbani.

MPAKA NA KIKAPU

Sasa nakuja kwa neno la pili, la kufunga mpaka.

Hadi mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Mtu wa Moshi na mtu wa Taveta walilinganisha bei bila kufanya hesabu yoyote. Mwaka ule kila nchi ikaanzisha shilingi yake na benki kuu yake. Mwanzoni zilikuwa sawasawa. Leo shilingi moja ya Kenya hununua zaidi ya shilingi kumi za Tanzania. Tangu hapo, fedha ya upande mmoja ikipata nguvu, wanunuzi wa upande huo huvuka kwenda kununua upande wa pili. Maduka ya huku hujaa wateja, na maduka ya kule hupungukiwa. Aonaye upande mmoja tu atasema uchumi umekua, au uchumi umekufa. Kumbe mara nyingi kikapu kimehama tu.

Mwaka 1976 na 1977, kahawa ilipokuwa ghali sana duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya, na wavushaji wakarudi na bidhaa zilizokosekana kwao. Fedha iliyoonekana Bungoma siku zile haikuwa mavuno ya Bungoma peke yake. Ilikuwa jasho la mkulima wa Uganda aliyekosa duka lenye kitu kwao.

Februari 1977, Jumuiya yetu ya kwanza ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Je, miaka ile sita na zaidi, mpaka ukiwa umefungwa, rafu zetu zilijaa? Nimekwisha sema habari za foleni. Mpaka ulifungwa, na sabuni haikupatikana.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Rwanda na Uganda. Februari 2019 Rwanda ilifunga njia ya Gatuna, ikafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Katika miaka ile mitatu wenye maduka wa Katuna na Kabale, upande wa Uganda, walikosa wateja wao wa Rwanda, na watu wa Rwanda waliozoea vyakula na bidhaa za Uganda walilazimika kutafuta kwingine. Na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu, magari yalikwama mipakani, ingawa zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache na masharti yakawekwa. Mkulima ambaye mahindi yake yamekwama hanunui bati wala sare ya mtoto. Basi mwenye duka wa kijijini kwake, ambaye hajapata kuuona mpaka, naye huona mauzo yake yameanguka.

Sisemi kwamba hofu ya njaa ni ya kijinga. Mahindi yakiwa haba, na mnunuzi wa ng'ambo akaja na fedha yenye nguvu, bei hupanda kwetu, na asiye na shamba huumia. Hilo ni kweli, na lafaa kushughulikiwa kwa ghala la akiba na kwa kujua mapema kiasi kilichopo. Lakini mama aliyevuka na vitunguu Jumamosi ndiye anayenunua sukari na daftari za watoto hapa kwetu Jumatatu. Ukimzuia yeye, umelipunguza duka letu vibaba, na wala hukuongeza kibaba kimoja katika ghala.

TUSIDANGANYWE NA VIBAO VIKUBWA

Kuna kipimo kingine cha uongo, nacho ni wingi wa maduka na ukubwa wa vibao. Nakumatt ilianzia Nakuru, ikaingia Rwanda mwaka 2008, Uganda 2009 na Tanzania 2011. Ilifikisha maduka zaidi ya 60 katika nchi nne. Kila duka lilipofunguliwa ilisemwa kwamba rejareja ya Afrika Mashariki inakua. Lakini upanuzi ule ulijengwa juu ya madeni, na watu walioiletea bidhaa wakakaa bila kulipwa. Waliokosa malipo waliacha kuleta, rafu zikawa tupu. Mwaka 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na mwaka 2020 waliokuwa wakiidai wakakubali ifilisiwe. Uchumi, duka kubwa lililoanzishwa Kenya mwaka 1975, nalo lilifunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania Oktoba 2015.

Je, watu wa Dar es Salaam, Kampala na Kigali waliacha kula siku zile? La hasha. Walirudi kwa Mangi, kwa genge, kwa machinga. Vikapu vilihama. Sehemu kubwa ya rejareja ya nchi zetu ingali katika maduka madogo na masoko, yasiyopeleka hesabu popote. Kwa hiyo anayepima nchi kwa maduka makubwa peke yake anapima bahari kwa kisima.

TUFANYE NINI

Ndugu Mwenyekiti, hotuba isiyo na kazi ya kufanya ni kelele. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, duka letu la ushirika. Siwatuhumu viongozi wake, ni watu waaminifu. Lakini kabla hamjainua mikono kugawana faida, waombeni walete hesabu ya vitu vitano: kilo za unga, kilo za sukari, lita za mafuta, vipande vya sabuni, kilo za chumvi, mwaka huu na mwaka jana, mwezi kwa mwezi. Ikiwa vibaba vimeongezeka, gawaneni kwa furaha. Ikiwa shilingi zimeongezeka na vibaba vimepungua, jueni kwamba hiyo mnayoiita faida huenda ndiyo fedha ya kununulia mzigo ujao kwa bei mpya. Mkiigawana, mzigo ujao utakuwa mdogo, na mwaka wa tatu mtagawana rafu. Mkoa wetu huu ni wa ushirika. Wazee wetu wa kahawa waliunda chama chao cha KNCU mwaka 1933, nao waliuza kwa ratili, si kwa maneno. Mali bila daftari huisha bila habari.

Pili, kila mwanachama mwenye duka au genge aweke daftari la vipimo kando ya daftari la fedha. Mistari mitano kila jioni yatosha. Kijana aliyemaliza darasa la saba aweza kuiandika.

Tatu, tuwaombe wajumbe wetu wadai jambo hili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hii iliyofufuka mwaka 2000 ina soko la pamoja tangu Julai 2010, na tangu 2024 ina nchi nane. Ofisi zetu za takwimu hutangaza bei kila mwezi, na hiyo ni kazi njema. Lakini katika hesabu za pato la taifa, rejareja huwekwa kapu moja na biashara ya jumla na matengenezo ya magari. Mtu hawezi kuuona unga wa mama katika kapu lenye spea za lori. Nchi zenye soko moja zinastahili kuwa na kipimo kimoja cha kiasi cha rejareja, kinachotangazwa kila mwezi, ili Kenya ikianza kujinyima Tanzania ijue, na Uganda ikianza kushiba Rwanda ijue.

Nne, tuache kumtafuta adui katika sura ya mtu. Bei ikipanda, wengine humtazama mwenye duka kwa kabila lake au rangi yake, na wengine humtazama jirani wa ng'ambo. Uganda ya 1972 imetuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mlanguzi yupo, nasi tusimfiche. Lakini mlanguzi hukamatwa kwa daftari na mizani, wala hakamatwi kwa kelele za sokoni.

Nimewaambia mwanzoni kwamba maneno mawili yanasemwa. "Mauzo yamepanda": sasa mnajua swali la kuuliza. "Mpaka ufungwe": sasa mnajua kikapu cha nani kitakachopungua kwanza. Kura ya ushirika iko karibu. Nendeni na kalamu.

Mwenye swali na asimame aulize.